Mteremko wa La Roche

Donatien aliendesha lori kati ya Bukavu na Uvira miaka kumi na mmoja. Mlima wa Ngomo aliupanda na kuushuka hata kwa mvua. Lakini tangu akimbilie Brussels mwaka 1997, hakugusa usukani. Alikuwa akiosha sahani katika mgahawa karibu na stesheni ya Gare du Midi, na kazini akienda kwa tramu. Aliyejifunza gari ni mkewe, Alphonsine. Alifaulu mtihani mara ya tatu, akanunua Opel kuukuu ya kumfikisha kwa wazee aliowatunza mtaa wa Uccle.

Machi 1999 shule ikapiga simu. Binti yao Mignonne, aliyekwenda milima ya Ardennes na darasa lake, ameteleza na kuvunjika mguu. Waje wamchukue.

Alphonsine hakuwa ameendesha nje ya mji hata siku moja. Walipoiacha barabara kuu, vilima vikaanza: kupanda, kushuka, kona juu ya kona, misonobari imebana huku na huku, ukungu umelala bondeni. Lori la magogo likawaganda nyuma, likiwamulika taa. Donatien alikamata mpini wa mlango mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwenye mteremko mrefu wa kuingia mji wa La Roche, Alphonsine alikanyaga breki bila kuachia. Harufu ya kuungua ikajaa garini.

"Papa Mignonne, frein inakuwa laini! Mguu unaingia tu!"

Hapo ulimi wa Donatien ukafunguka. "Acha kukanyaga. Weka vitesse ya pili. Moteur itatushika. Mupole… bon. Sasa ingia kuume, pale kwenye majani."

Injini ilinguruma, gari likapungua mwendo, likasimama kwenye nyasi. Lori likapita likipiga honi. Alphonsine aliulaza uso juu ya usukani.

"Donc unajua yote hii, na unaniachia peke yangu? Kamata volant, wewe!"

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

Moshi ulikuwa ukitoka magurudumuni.

"Siku ya mwisho kule Ngomo, batu walikuwa wanakimbia vita. Camion yangu ilikuwa imejaa. Mama moja akaninyooshea mutoto wake. Nikapita. Kila kona ninamuona."

Tangu siku ile hakuwahi kumwambia. Alphonsine alimshika mkono, naye hakuuondoa. Walikaa hivyo karibu nusu saa, mpaka breki zikapoa.

"Basi wewe utaniambia vitesse," akasema, "na mimi nitaendesha."

Wakateremka taratibu, gia ya pili, Donatien akizitaja kona kabla hazijafika. Hakuruka hata moja.

Mignonne walimkuta amefungwa plasta hadi gotini, amenuna kwa kungoja. Wakati wa kurudi Donatien alikaa nyuma, mguu wa mtoto mapajani mwake, shingo ameinyoosha aione njia.