Gunzi Juu ya Ubao

Sisi tuliokulia Elburgon enzi zile viwanda vya mbao vikinguruma tangu asubuhi, tulijua kuendesha lori kabla hatujajua kuandika majina yetu. Lori lenyewe lilikuwa la mabanzi, halikuwa na injini wala magurudumu, na halikuwahi kuondoka pale nyuma ya jiko la mama yangu. Hilo halikutuzuia kufika Kampala na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwaka huu, katika umri ambao wenzangu wanatafuta fimbo ya kutembelea, mimi nimejikuta nikitafuta leseni ya udereva. Mume wangu, Baba Ruth, ana presha ya macho. Ameendesha pikapu yetu miaka yote ya ndoa, na sasa daktari amemwambia asiguse usukani tena. Watoto wetu, Ruth na Daudi, walikuja wakaketi nasi, wakasema kwa upole kwamba pikapu iuzwe na sisi tuhamie Nakuru kwa Daudi, ghorofa ya tatu, karibu na kliniki ya macho. Baba Ruth aligeuza uso kuelekea shamba lake la viazi, ambalo sasa analiona kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafu. Ndipo nikajisikia nikisema, "Nitaendesha mimi." Ruth alicheka, akadhani ni mzaha. Daudi akasema haya, Mama akipata leseni pikapu inabaki, na sisi wawili tunabaki hapa. Asipopata, tunahama.

Basi turudi nyuma ya jiko.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mbao. Alirudi nyumbani akinukia dizeli na utomvu wa sipresi, nasi tulimkimbilia tukigombania kubeba kofia yake. Jumamosi moja alitukuta mimi, kaka yangu Njoroge na Kiprono wa jirani tumekaa kwenye gogo, tukinguruma kwa midomo na kuzungusha kifuniko cha sufuria. Alitutazama kidogo, akasema tuna kelele za madereva lakini miguu yetu imelala. Akaenda, akarudi na vipande vitatu vya mbao, akavifunga kwenye ubao mrefu kwa ngozi ya kiatu kikuukuu. Chini ya kila kipande aliweka mpira wa tyubu ili kikikanyagwa kirudi chenyewe. Kushoto klachi, katikati breki, kulia mafuta. Mguu wa kushoto una kazi moja tu, alituambia, wa kulia una mbili, na ole wake atakayezichanganya.

Kisha akaokota gunzi kwenye rundo la mahindi ambayo mama alikuwa amepukuchua kwa ajili ya githeri, mahindi na maharage, akalisimamisha mwisho wa ubao.

"Kanyaga klachi. Tia gia. Sasa achia, na gunzi lisianguke."

Ilionekana kazi ya mtoto mchanga. Lakini mpira ule wa tyubu ulikuwa na nguvu ya punda. Ukiulegezea mguu tu, kipande kiliruka pa, ubao ukatikisika, gunzi likalala. Ilibidi kisigino kikae chini imara na unyayo uinuke polepole kama mtu anayeamka kanisani asitambulike kwamba alikuwa amesinzia. Katikati ya safari ile ya mguu, Baba alitutaka tusimame kidogo. Hapo, alisema, ndipo klachi inaposhika, lori linatetemeka na kukuuliza kama uko tayari. Likiuliza, mpe mafuta kidogo, ngoja, ndipo umalizie kuachia.

Gunzi likianguka tulisingizia upepo. Elburgon kulikuwa na upepo wa kutosha, unashuka msituni umebeba ukungu na harufu ya vumbi la mbao linaloungua, unatukuta peku, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Kwa hiyo haukuwa uongo mtupu. Baba hakukubali. "Upepo haujui kuendesha," alisema, akaliinua gunzi, akalisimamisha. "Tena."

Neno hilo, tena, nililisikia utotoni mara nyingi kuliko jina langu. Hakutupigia kelele, hakutuchapa, alisema tena na kuendelea kunywa uji wake. Mimi nilijifunza katekisimu nimekaa kwenye gogo lile, mguu ukipanda na kushuka, swali moja kwa kila gia. Mpaka leo nikiulizwa kuhusu ubatizo, mguu wangu wa kushoto husogea kidogo.

Sasa, nilikuwa mtoto mwerevu, na werevu wangu umenigharimu. Niligundua kwamba mpira ule ulikuwa mkali zaidi pale mwisho, pale kipande kinapofika juu na kuutikisa ubao. Basi sikukifikisha mwisho. Nililaza unyayo wangu juu yake, kikabaki kimebonyea kidogo, na gunzi likasimama kama askari. Njoroge aliangusha, Kiprono akaangusha, mimi sikuangusha. Nikajiona dereva mkuu wa Mau yote.

Baba alikuja akainama, akatazama mguu wangu.

"Huo mguu umepanga nyumba hapo?"

Nikamwambia unapumzika.

"Ukimaliza kazi, hama," akasema. Akanieleza kwamba klachi inayolaliwa na mguu haijashika vizuri wala haijaachia, inajisugua mpaka inaungua, na mwenye lori analia. Nikaitikia ndiyo Baba. Alipogeuka nikaulaza tena, maana yeye alijali klachi na mimi nilijali gunzi.

Zawadi ya aliyeshinda ilikuwa kukanyaga klachi ya lori lenyewe, uwanjani mwa kiwanda, likiwa tupu na Baba ameketi kando. Wavulana walisema msichana hafiki pedali. Baba aliniwekea gunia mgongoni nikafika. Hakuna kiti cha enzi nitakachokalia duniani kitakachoshinda kile. Nyuma ya lori alikuwepo mzee wa kanisa letu, mtu mrefu wa koti jeusi, aliyekuwa amepanda kukusanya vipande vya mabanzi vilivyosalia, vya kujengea jiko la kanisa. Hakuna aliyejua yuko huko.

Nilikanyaga. Nikatia gia. Injini ikanguruma chini ya makalio yangu kwa namna ambayo gogo halikuwahi kunguruma, nikaogopa, nikatoa mguu wote kwa mara moja. Lori liliruka kama mbuzi na kuzima. Halafu nyuma tukasikia kitu kizito kikianguka kwenye rundo la vumbi la mbao.

Mzee wa kanisa aliinuka taratibu akiwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Alijipangusa, akaja mpaka dirishani, akanitazama.

"Binti," akasema, "nilishabatizwa. Tena kwa maji."

Njoroge na Kiprono walicheka mpaka wakalala chini. Nilimtazama Baba nikingoja anishushe. Yeye alikuwa anautazama usukani, midomo imekazwa asicheke mbele ya mtumishi wa Mungu. Alimwomba mzee asimame mbali kidogo. Kisha akanigeukia.

"Tena."

Nikajaribu tena, lori likasogea hatua zake chache kwa amani. Nilishuka nikidhani maisha yangu yamefunguka. Hayakufunguka upande huo. Njoroge alikua akawa dereva, Kiprono pia, na mimi nikawa mwalimu wa shule ya Jumapili, kisha mke wa mtu mwenye pikapu. Nilikaa kiti cha abiria miaka yote hiyo nikikanyaga klachi isiyokuwepo. Baba Ruth atawaambia kwamba kapeti ya upande wangu imetoboka, na ya kwake ni nzima.

Kwa hiyo nilipokwenda kujiandikisha Nakuru kwenye shule ya udereva, nilikwenda na kiburi. Nilimwambia mwalimu, kijana anayeitwa Kevo, kwamba nilianza kuendesha zamani. Akaniuliza gari gani. Nikasema la mbao.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vyangu vya kanisani vyenye soli nene. Kevo alivitazama, akaniomba kwa heshima nije kesho na raba nyembamba, kwa sababu mguu unahitaji kusikia. Siku ya pili nilikanyaga breki kwa mguu wa kushoto, ule wa nguvu za klachi, tukasimama ghafla hivi kwamba kofia yake ilifika kwenye kioo kabla yake. Baba alikuwa ametuonya kuhusu hilo kabla Kevo hajazaliwa. Ila kuondoka niliondoka vizuri. Kisigino chini, polepole, ngoja ishike, mafuta. Kevo alishangaa. "Mathe, kumbe unajua," akasema, akiniita mama kwa lugha ya vijana, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti, mapema mno.

Maana juma lililofuata alinipeleka kwenye mlima wa Milimani, kwenye foleni. Tulipanda, tukasimama, tukapanda. Harufu ikaanza. Nilidhani kuna mtu anachoma takataka.

"Mathe, unaskia hiyo harufu?"

Nikasema naisikia, watu wa siku hizi hawana adabu, wanachoma plastiki mchana.

"Si plastiki. Ni sisi." Aliinama akatazama chini. "Sasa huo mguu hapo unafanya nini?"

Nikamwambia unapumzika.

Nilipojisikia nikilisema neno lile, nilitazama chini. Nilikuwa na wajukuu, nilikuwa nimefundisha kizazi kizima zile Amri Kumi, na mguu wangu ulikuwa bado umelala pale pale ulipolala siku ya ushindi wangu. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha. Kevo alidhani nimechanganyikiwa, akavuta hendibreki. Nilipoweza kuongea nilimweleza habari za gunzi. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Basi huyo mzee wako wa gunzi alishanifanyia kazi. Mimi nakumbusha tu. Klachi si kiti, mathe."

Lakini tabia iliyolelewa tangu utotoni haitoki kwa kicheko. Kila nikimaliza kubadilisha gia, mguu ulirudi wenyewe kama kuku jioni. Kevo alisema nikiendelea hivyo kwenye mtihani nitaanguka. Nyumbani Baba Ruth aliniuliza kila jioni ilivyokuwa, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili asikikose. Sikumficha. Alikuwa ameanza kutoa nguo zake kabatini na kuzikunja, akisema anazipunga hewa. Hakuna nguo inayopungwa hewa ndani ya begi.

Nikaomba. Na nawaambia kwa uzoefu, Mungu hujibu, ila katika jambo hili jibu alikuwa ameshalituma muda mrefu kupitia mwanaume mwenye harufu ya dizeli. Nikaanza kuuambia mguu kwa sauti ndogo kila baada ya gia: hama. Nikautafutia mahali pa kwenda, pale sakafuni kando ya pedali. Gia ya pili, hama. Gia ya tatu, hama. Kevo alizoea.

Siku ya mtihani walianza kwa kutusimamisha mbele ya meza iliyochorwa barabara, tukasukuma vigari vidogo kwa kidole. Vijana walikuwa wakitetemeka. Mimi ndipo nilipojisikia nyumbani, ilibidi nijizuie nisingurume kwa mdomo. Kisha nikaingia garini na afisa wa polisi, mama mmoja asiyetabasamu. Aliniagiza nisimame kwenye mwinuko, kisha niondoke. Kisigino chini. Ikatetemeka, ikauliza. Mafuta. Nikatoa hendibreki, gari likapanda bila kurudi nyuma hata kidogo.

"Hama," nikasema.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mguu wangu, afande."

Alitazama chini, kisha mbele. "Unakusikia?"

"Leo umesikia."

Mwishoni aliandika, akaniambia nimepita, na kwamba kwenye mteremko nimefanya vizuri kutokanyaga klachi. Hilo nalo si langu. Baba alipita mteremko wa Salgaa na mzigo wa mbao mara nyingi, na alitufundisha kushuka ndani ya gia. Anayekanyaga klachi mteremkoni, alisema, amefungua mlango na lori limeondoka bila yeye.

Mjukuu wangu Neema alipoiona leseni alinipongeza, kisha akachungulia ndani ya pikapu. Yeye huendesha gari la baba yake lisilo na klachi. "Shosho, hiyo pedali ya tatu ni ya spea?" Nilimweleza. Akasema maskini, kwa hiyo mlikuwa mnafanya kazi ya gari. Ndivyo, mjukuu wangu. Siku hizi mguu wa kushoto umestaafu kabla ya mwenyewe kupata kazi. Watoto wanaendesha magari kwenye simu kwa kasi ya kutisha, wanagonga, wanabonyeza, wanaanza upya, na hakuna mtu anayeshuka kutoka juu ya lori amejaa vumbi kuwaambia habari za ubatizo. Viwanda vingi vimenyamaza, msumeno hautuamshi tena. Baba amelala, Njoroge amelala. Sisemi tulikuwa bora. Tulikuwa na baridi. Lakini tulikuwa na mtu wa kutuinulia gunzi.

Juma lililopita nilimpeleka Baba Ruth kliniki. Nguo zake zimerudi kabatini. Kabla ya kuondoka aliniambia nimtafutie gunzi, akalipapasa, akalisimamisha juu ya deshibodi kwa vidole. Tulipita Njoro salama. Mbele kidogo kulikuwa na matuta, nikapunguza, nikarudi gia ya pili, nikaachia klachi haraka kidogo, basi tu. Kitu kikagonga sakafu.

"Limeanguka?"

"Ni upepo," nikasema.

Alipapasa kioo cha mlango wake. "Madirisha yamefungwa, Mama Ruth."

Alicheka mpaka akafuta yale macho yake. Kisha akainama, akapapasa miguuni mwake mpaka akalipata, akalisimamisha mahali pake.

"Tena," akasema.