Mama Amenijibu kwa Hotuba Yangu Mwenyewe

Ndugu zangu, leo nimeshindwa mdahalo, na aliyenishinda ni mama yangu mzazi.

Daktari alimwandikia vitamini D kwa ajili ya uchovu: kidonge kimoja chenye nguvu, mara moja kwa wiki. Leo nampigia simu huko Mgeta, kumbe anameza kila siku!

"Mama, ikizidi mwilini inaharibu figo!"

"Mara moja kwa wiki, kwani ni ibada ya Jumapili? Si wewe unayewahutubia wafanyakazi wenzako wasikubali kupewa kidogo?"

Mimi, ninayenyamazisha ukumbi mzima, nikabaki kubembeleza.

"Acha kwanza, Mama. Nakuja tukapime damu."

"Utanikuta shambani."

Akakata.

Nipo stendi, nasubiri gari. Nishaurini: nitamshawishije mama akubali kidogo?