Kope ya Bibi Iliyopotea

Nilipokuwa mtoto kule Mlali nilikuwa na macho ambayo wilaya nzima haikuwa nayo. Kupe akitembea kwenye sikio la ng'ombe kijiji cha pili, mimi namwona, na nakwambia kama ni dume. Ndiyo maana bibi alinichagua mimi, si dada yangu Nyemo, nimng'oe kope.

Bibi alikuwa na vikope. Kope zimegeukia ndani, zinachoma jicho kila akipepesa. Kila Jumapili kabla ya kanisa alilaza kichwa mapajani kwangu, nikashika kibanio alichofuliwa na mhunzi. Sharti moja tu: kila kope itupwe kwenye majivu ya moto.

"Ikipotea inatafuta damu yetu," alisema. "Kwa jirani haiendi."

"Si itaniotea mimi, bibi?"

"Wewe mke mwenzangu una roho mbaya, itakuogopa."

Siku moja nikapiga chafya, mabati yakatikisika mpaka Kongwa mjini. Kope ikaruka. Nyemo alikuwa kakaa hapo hapo anachambua mlenda. Nilipapasa mkeka, sikuiona, nikapeleka vidole vitupu kwenye majivu. Bibi akanishukuru.

Mwaka juzi, tukiwa watu wazima wenye watoto wetu, macho ya Nyemo yakaanza kuchoma. Kope zimegeuka. Sikula siku arobaini, ingawa mwili haukuonyesha. Nikampeleka kituo cha afya, na mbele ya nesi wa macho nikatapika siri yote.

"Kumbe ni wewe," Nyemo akasema. "Ningejua, ule mlenda ungeunywa na sufuria yake."

Nesi alicheka kidogo. "Dada, kope haina miguu. Ni vijidudu, na utotoni mlivipata wote. Nzi wale wale, khanga ile ile ya kufutia uso. Ila kuna miili ikiambukizwa mara nyingi inaweka makovu makubwa, na mingine hapana. Inaonekana hali hiyo inaweza kurithiwa. Wataalamu bado wanachunguza."

"Sasa mbona mimi hapana? Baba mmoja, mama mmoja, kitanda kimoja."

"Wazazi hawawagawii watoto sawasawa."

Akapindua ngozi ya kope zangu, akachungulia. Safi. Kumbe bibi kwenye habari ya damu hakuwa mbali sana, njia tu ndiyo alikosea.

Nyemo alifanyiwa upasuaji siku hiyo, macho yote mawili yakafungwa bandeji mpaka kesho yake. Nikamshika mkono kurudi nyumbani.

"Niambie unaona nini," akasema.

Kulikuwa na mbuzi watatu barabarani, nikasema watatu. Mtama wa jirani ulifika kiunoni, nikasema kiunoni. Macho haya sikuyafanyia kazi yoyote, nilipewa tu, na yeye akapewa mengine. Nikaendelea kumtajia vitu, kimoja kimoja, bila kuongeza.