Daktari Niliyemtengeneza Bafuni

Nianze na ujinga wenyewe, usije ukanihurumia kabla ya wakati. Nilijifungia bafuni, kwa sababu bafuni sauti yangu inakuwa nzito kama ya mtu mwenye kitambi, nikabana pua kidogo, nikajirekodi kwa lafudhi ya dokta aliyesoma Ubelgiji: "Ndugu zangu Wakongo, mimi ni dokta, jina siwezi kutaja. Maiti za Waafrika hazizikwi. Zinapelekwa chuo cha madaktari, wanafunzi wanajifunzia kukata. Ndiyo maana sanduku linafungwa."

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ilikuwa siku ya kawaida ya lokidauni ya korona, Lidcombe, mtaa wetu huku ughaibuni. Mama anapika sombe, yaani kisamvu, Tantini Riziki, mdogo wake, amelala baada ya zamu yake kwenye ghala la maboksi, na mimi niko darasani, yaani niko kitandani na kamera nimeizima.

Kichekesho hakikutoka hewani. Mwalimu wa historia alikuwa ametupa kazi kuhusu chuo kimoja cha udaktari huko Amerika, karne ya kumi na tisa, enzi kilipokuwa jengo moja na maprofesa wachache. Wanafunzi walihitaji miili ya kujifunzia na sheria haikuwapa. Basi wakawa wanakwenda makaburini na majembe, na hawakwenda kwa matajiri. Walifukua watumwa na maskini. Ndugu za marehemu wakaanza kulala juu ya makaburi ili kuwalinda wafu wao. Mwishowe watu wa mji wakaja na marungu, wanajeshi wakaitwa, maprofesa wakajifungia ghorofani. Mimi nilibadilisha vitu viwili tu: karne na nchi.

Nilimtumia Elia, rafiki yangu wa darasani. Elia akamtumia dada yake. Kabla ya chakula cha jioni dokta wangu alikuwa amerudi nyumbani kupitia grupu la kanisa. Nilimsikia akihutubia chumbani kwa Mama na Tantini, mlango umefungwa, nikaung'ata mto kwa kicheko.

Kwetu mtu akifa hatumwachi peke yake. Anaoshwa, anavishwa, watu wanakesha naye. Na wiki hiyohiyo mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa amezikwa sanduku limefungwa, mjane wake akitazama kwenye simu. Hakuna aliyeuona uso wake. Kwa hiyo dokta wangu hakuulizwa ushahidi.

Siku chache baadaye Tantini akaanza kukohoa.

Wakati huo wanajeshi walikuwa wakipita mitaani kwetu pamoja na polisi, wakigonga milango kuona kama watu wametulia ndani. Hawakuwa na bunduki. Nilimwambia Mama hivyo mara nyingi. Mama, aliyetoka Kivu kwa miguu na mimi mgongoni, alinijibu kwamba bunduki huioni mwanzo. Mwanzo unasikia viatu.

Asubuhi moja tukavisikia kwenye ngazi zetu.

Mama akazima redio. Akazima jiko. Akaketi sakafuni chini ya dirisha, mahali ambapo mtu wa nje hawezi kumwona. Mwili wake ulijua njia.

Tantini alikuwa kwenye kochi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Wakagonga.

"Safari, nenda wewe," Mama alinong'ona. Kiingereza cha nyumba yetu ni changu. "Waambie tuko wazima."

"Tantini anahitaji ambulensi."

Tantini akanishika mkono. Alikuwa wa moto. "Ukiwaambia, umeniuza. Watanikatakata kama kuku, na mama yako asinione tena. Kama ni kufa, nife hapa. Mnione."

Nilifungua mlango kidogo. Mwanajeshi alikuwa kijana, ana chunusi juu ya barakoa. Akauliza kama wote tuko ndani, na kama kuna mgonjwa.

Ningeweza kumwambia yuko mgonjwa. Ningeweza kugeuka nikamwambia Tantini kwamba dokta ni mimi. Mimi, mtu ambaye walimu wote wamechoka kumnyamazisha, nikajibu kwa Kiingereza safi kwamba tuko sawa, asante.

Viatu vikashuka.

Nilifunga mlango nikakaa chini palepale. Mama akanipapasa kichwa. Alidhani naogopa wanajeshi.

Mchana Tantini hakuweza tena kumaliza neno. Alikuwa anavuta hewa kwa mabega. Nilipiga magoti mbele ya kochi, nikabana pua, nikasema kwa sauti ileile: "Ndugu zangu Wakongo, mimi ni dokta, jina siwezi kutaja."

Tantini alinitazama. Hakuonekana kushangaa, na hilo sikulielewa siku ile.

Mama alininyooshea simu. "Piga."

Walikuja watu waliofunikwa plastiki tangu kichwani hadi viatuni, wakamwita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu hapa, wakambeba. Tulibaki mlangoni. Haturuhusiwi.

Hatukumwona tena. Nesi mmoja Mkenya ndiye aliyekuwa akimshikia simu sikioni ili tumwimbie. Mashine ya kupumulia ilitujibu. Alipofariki, nesi huyo alitupigia kutuambia kwamba amempaka mafuta usoni yeye mwenyewe, na kwamba amekaa naye kidogo. Daktari alisema huenda angepona kama angeletwa mapema, na huenda asingepona. Nimejaribu kuishi ndani ya huenda ya pili. Haina nafasi ya kutosha.

Bado nachekesha watu shuleni. Sasa niko darasa la kumi na mbili, la mwisho. Ile kazi ya historia niliimaliza. Niliandika kwamba chuo kilikua, kikapata jina kubwa, na kwamba waliofukuliwa hawakuandikwa popote. Mwalimu alinisifu. Mama sikumwonyesha.

Mazishi tuliyatazama mezani, kwenye kompyuta ya shule. Sanduku limefungwa. Yalipokwisha nilisubiri kofi, hata nikavua miwani. Mama hakunyanyua mkono. Alikuwa anaangalia kioo kilichozimika, na alisema hivi:

"Aliposikia sauti ile mara ya kwanza alicheka. Akaniuliza, 'Huyu si Safari?' Mimi nikamwapia kwa jina la Yesu kwamba mtoto wangu hawezi. Ndipo akaamini."