Imeli Iliyosomwa Ukumbini

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha jirani, changu kikabaki kizima juu ya mabega. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa mpiga chapa katika kampuni ndogo ya mizigo mjini, na kampuni hiyo ilikuwa na kitu ambacho Kaloleni nzima, mtaa wetu wa Nairobi, walikisikia tu: imeli. Kila asubuhi, bosi akiwa bado amekwama barabarani, ninachomeka waya wa simu kwenye kompyuta, mashine inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu barua zinaanza kushuka. Za bosi zilikuwa mbili tatu. Zangu zilikuwa rundo, na zote zilikuwa za ugomvi.

Aliyeniingiza kwenye ugomvi huo ni ndugu yangu mdogo. Alikuwa Marekani, na aliyempeleka ni mtaa. Baba alikuwa dereva mstaafu, mama alishonea watu sare za shule sebuleni. Nguvu ya kununua tiketi ya ndege tungeitoa wapi? Ikaitwa harambee, mchango wa wote, katika ukumbi wa mtaa. Mama mmoja muuza mboga za sukuma wiki alitoa kuku wake, akanadiwa, aliyemnunua akamrudisha anadiwe tena, na tena, mpaka kuku mwenyewe akachoka na kulala. Kijana akapanda ndege. Tangu hapo ikawa desturi: Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wakitoka kanisani, wote waliochanga wanaketi ukumbini na baba anawasomea barua za mtoto wao. Mtoto wa harambee ni wa wote. Walikuwa na haki ya kujua anakula nini, baridi inamfanyaje, na digrii imefika wapi.

Zamani barua zilikuja na stempu. Sasa zilikuja kwangu ofisini. Nilizichapisha kwa karatasi ya bosi, nikazikunja ndani ya mkoba, na nikifika nyumbani nazichambua kama mchele. Zenye mawe naweka kando, baba anapewa zilizo safi. Baba hakujua. Alikuwa ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, na kila mwezi aliniambia, "Asante, mama, leo amesema vizuri." Alisema vizuri kwa sababu mimi nilikuwa nimetoa mabaya.

Na mabaya yalikuwepo, weee! Wakenya walioko ng'ambo walikuwa na kikundi chao cha imeli. Ukiandika neno moja linawafikia wote, na kila mmoja anakurukia kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Walikuwa wanabishana juu ya Kenya utadhani wameiacha jikoni inaungua. Ndugu yangu aliniandikisha humo ili nione usomi wake. Nikauona.

Walianza na shule. Wakati huo walimu wa serikali walikuwa wamegoma na watoto wetu wanazurura mtaani tangu asubuhi, darasa la nane wakiwemo, mtihani ukiwa mlangoni. Ndugu yangu akaandika kwamba elimu si sadaka, na mzazi asiyeweza karo asizae. Haki ya Mungu nilisimama kwenye kiti. Huyu! Huyu ambaye mpaka kalamu yake ilichangiwa! Nikaandika mstari mmoja tu: "Wewe ulisomeshwa na kuku, na kuku huyo namjua." Basi kikundi kizima, mpaka walio London, wakaanza kumwita Bwana Kuku. Sikuwa nimecheka hivyo kwa miezi.

Yeye hakucheka. Akahamia uchumi. Wanaume wa mtaa wetu, wenzake baba, walikuwa wanaletewa barua za kuachishwa kazi mmoja mmoja, wanakaa nje ya nyumba mchana wakijifanya wanarekebisha baiskeli. Bwana Kuku akasema ni wavivu, soko litawafunza adabu. Nilimjibu. Akanijibu. Watu tusiowajua wakatujibu sote wawili. Nikawa naamka na hasira, naoga na hasira, napanda basi nikitunga majibu. Mama aliniuliza kama nina mwanamume anayenisumbua. Nikamwambia ninaye, umemzaa wewe.

Kisha akaandika lile la wakimbizi. Kwamba wamejaa Eastlands, upande wetu wa mji, wamepandisha kodi za nyumba, wamewanyang'anya Wakenya kazi, na serikali iwazoe wote iwatupe mpakani.

Sasa nieleze. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kibanda cha mabati ambacho baba alikiongeza zamani. Ndicho ndugu yangu alichokuwa akilala kabla ya kwenda. Baada yake tulimpangisha mwanamke kutoka Kongo, mwalimu wa hesabu, mtaratibu kupita kiasi. Vita vilimtenganisha na mumewe njiani. Kabla hawajapotezana walikuwa wamekubaliana hivi: atakayefika kwanza akae Nairobi, Kaloleni, karibu na ukumbi, kwa sababu mumewe aliwahi kufika huko kama mgeni wa kanisa na ndiyo sehemu pekee aliyoijua. Sheria ilitaka wakimbizi wakae kambini, kaskazini kabisa, jangwani. Yeye hakwenda. Hakuwa na karatasi ya kumruhusu kukaa mjini, lakini angeondokaje? Mumewe angemtafuta wapi? Kwa hiyo aliishi kimya. Hakwenda sokoni mchana, hakwenda kanisani, na Jumapili alijifungia ndani.

Walimu walipogoma, mwanamke huyo aliwakusanya watoto wanane nyuma ya nyumba, chini ya kamba za nguo, binti yangu mmoja wao. Ubao wake ulikuwa mlango wa kabati. Binti yangu, ambaye sehemu na desimali zilikuwa zinamliza, alianza kunisahihisha mimi nikihesabu chenji. Sisi tulimwita Mwalimu, yeye aliniita dada. Hiyo ndiyo kazi aliyotunyang'anya.

Na huyo anayetaka wazolewe, je? Miezi mitatu nyuma alikuwa ameniandikia peke yangu, siri. Chuo aliacha. Viza ilikufa. Anawaogesha wazee katika nyumba ya kutunza wazee kwa jina la mtu mwingine, na akiona gari la polisi anaingia duka lililo karibu. "Usimwambie baba, dada, nakuomba." Sikumwambia. Niliichana ile karatasi vipande na kuvitia chooni.

Kwa hiyo mnaona nilivyokuwa nimeshikwa. Jibu nilikuwa nalo. Neno moja tu, mbele ya kikundi chote, na Bwana Kuku angekuwa supu. Lakini baba? Mama? Yule mama wa sukuma wiki? Damu ni damu. Nikamficha. Na kwa kuwa hasira haikai bila chakula, nikachukua mfano mwingine. Nilimchukua Mwalimu.

Niliandika Kiswahili makusudi, ili kiwaume. Niliandika kwa saa nzima ya chakula cha mchana, vidole vikigonga kibodi kama mvua juu ya mabati. Nilisema: njoo uone kibanda ulichokuwa ukilala wewe, hapa Kaloleni, nyuma ya nyumba ya babako. Analala humo mkimbizi kutoka Kongo, hana karatasi hata moja, na anawafundisha watoto wanane wa Kenya ambao Kenya imewasahau. Wewe umeifanyia nini nchi hii tangu uondoke? Nikatuma. Majibu yalimiminika. Mtu wa Kanada alisema amelia. Mwingine akasema mimi ndiye niliyestahili kupelekwa chuo, si yeye. Jamani, sifa ni tamu! Nilitembea siku hiyo kama niliyepewa nyota mabegani.

Jumapili ya kwanza ikafika, na baba akauliza barua. Safari hii sikuchambua. Nilitaka mtaa wote usikie alivyowatukana, na usikie nilivyowalipizia. Nikampa baba zote mbili, yake na yangu.

Mtaniuliza, ulikuwa na akili wapi? Nami nimejiuliza. Naapa, kichwani mwangu imeli ilikuwa kitu cha ng'ambo. Ugomvi ule ulikuwa wa Marekani, Kanada, na London, na Mwalimu niliyemwandika alikuwa Mwalimu wa huko, wa kwenye kioo cha kompyuta. Hata baba akiwa anafuta miwani yake mbele ya ukumbi, sikuunganisha.

Baba alisoma ya ndugu yangu kwanza. Ukumbi ukaguna. Mama wa sukuma wiki akasema, "Ala! Ndiye huyu huyu?" Kisha akasoma yangu, kwa sauti yake ile ya kusoma Biblia, polepole, bila kuruka neno. Walipiga makofi. Vijana wa nyuma wakapiga mbinja: "Amemchapa! Siz amemchapa!" Nilisimama nikainama kama mwanasiasa.

Mstari wa pili alikaa mzee wa mtaa, ambaye kazi yake ilikuwa kumpelekea chifu habari za mtaa. Tulimjua wote. Naye alikuwa amechanga, kwa hiyo alikuwa na haki ya kukaa pale. Watu walipotawanyika alimpa baba mkono, akaomba ile karatasi akaisome vizuri nyumbani. Baba, kwa furaha, akampa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikipokea pongezi. Niliona karatasi ikikunjwa na kuingia mfukoni mwa koti, na hata hapo nikafikiri ameipenda.

Jumanne saa tatu asubuhi walikuja askari watatu. Mimi sikuwapo, nilikuwa kazini napokea sifa. Mama alinieleza. Hawakupita kwenye nyumba hata moja kuuliza. Walipitia uchochoro moja kwa moja mpaka nyuma, chini ya kamba za nguo, watoto wakiwa wamekaa. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Mwalimu alimaliza kuandika hesabu aliyokuwa ameianza kwenye mlango wa kabati, akapangusa mikono, akaenda nao. Binti yangu aliwafuata mpaka barabarani akipiga mayowe.

Baba aliposikia habari ya karatasi alikaa kitandani, akavua miwani. "Mimi ndiye niliyesoma," alisema. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeandika, baba."

Siku iliyofuata nilimwandikia ndugu yangu. Sikumtukana. Nilimwambia kilichotokea tu, nikamuuliza kama huko anajua wakili au watu wa haki za wakimbizi wa kutusaidia. Akajibu mistari miwili. "Pole yake. Lakini dada, sheria ni sheria." Mtu anayejificha dukani akiona polisi! Niliisoma mara tatu. Kisha nikaichapisha, nikaikunja, na Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata nikampa baba barua nyingine, ya zamani, yenye habari za theluji. Ndiyo, hata baada ya hayo nilimficha tena. Kwake yeye mdomo wangu ulikuwa na kufuli.

Lakini kabla ya hapo, Alhamisi ya wiki ile ile ya askari, nilidanganya kazini kwamba naumwa, nikaenda kortini Makadara na mkate, sweta, na sabuni. Wakimbizi wote waliokamatwa mjini wiki ile walisimamishwa pamoja. Mwalimu alijibu kwamba ni kweli, hana kibali. Ikaamriwa apelekwe kambini na wenzake jioni ile ile. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

Askari mwanamke aliniruhusu kumpa vitu kwenye ujia, dakika chache. Mwalimu alivaa sweta pale pale juu ya nguo zake. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyatunga usiku kucha, mimi bingwa wa majibu, mimi niliyemliza mtu wa Kanada. Nikaishia kumkabidhi sabuni.

Yeye ndiye aliyesema. Aliniambia binti yangu arudie kugawanya sehemu, bado anakosea kugeuza ile ya pili. Akaniambia mume wake akifika, ni mrefu, ana kovu kwenye nyusi, nimwambie kambi gani. Nikasema nitamwambia. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia watu wote wa mtaa wameogopa kuja, mimi tu ndiye niliyekuja, na Mungu ameona.

"Dada," akasema, "askari walikuwa na barua. Kuna mtu aliniandika. Wewe unajua watu wa pale. Ukimpata, muulize tu, mimi nilimkosea nini?"

Nikamwambia nitamuuliza.