Kibano cha Mwahija binti Fakihi

Asubuhi ile tuligombana kwa ajili ya kamba.

Mama Yahya, mke wangu, alikuwa barazani, amekaa juu ya kibano chake, kigoda cha visu, anabangua korosho. Kamba ya kanyagio ilikuwa imelegea. Akaniambia niikaze. Nikamwambia nikirudi shamba. Akasema nikirudi shamba nitasema baada ya kula, na nikishakula nitasema baada ya kulala. Nikamwambia uji wake una chumvi nyingi. Akajibu kwamba ulimi wa mzee husahau chumvi lakini lawama hausahau. Nikachukua jembe nikatoka. Sikugeuka nyuma. Ningegeukia nini? Ilikuwa Jumanne tu.

Adhuhuri haijaadhiniwa wakanifuata shambani. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamfunika kanga. Korosho zilikuwa kwenye ungo, nusu zimebanguliwa, nusu bado.

Kamba niliikaza siku ya tatu, watu walipokwisha kusoma hitima wakaondoka. Hakuna aliyekuja kukikalia kibano.

Aliitwa Mwahija binti Fakihi. Naliandika jina lake lote kwa mkono wangu, mkono uliojifunza herufi ukubwani kwenye darasa la kisomo. Nilikaa naye miaka ishirini na minne na sikulitamka mbele ya mwanamume mgeni hata mara moja. Kwetu mtu hatangazi jina la mkewe mbele ya wanaume. Utasema mama fulani, au utasema nyumbani. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Heshima hiyo ilimnyang'anya kitu chake, na mnyang'anyi wa kwanza nilikuwa mimi.

Nilimwoa mwaka mmoja kabla ya uhuru, nikamtoa kwao Likawage nikamleta hapa Mitole. Mimi ni seremala wa vitanda na milango. Yeye alibangua korosho, zikipelekwa Kilwa Masoko kuuzwa. Anayejua kazi hiyo anajua mikono yake. Unazikaanga kwenye debe lililotobolewa, zinawaka, unazimwagia mchanga, halafu unapiga moja moja kwa jiwe. Mafuta ya ganda yanakula ngozi. Wanawake hupaka mikono jivu, lakini mafuta hayaogopi jivu. Mwaka wa kwanza alikuwa hawezi kukunja vidole kushika tonge.

Hakuwa mtu wa kuvumilia ujinga, hata ujinga wa zamani. Akiambiwa ndivyo wafanyavyo watu, aliuliza watu gani na wamelipwa nini.

Siku moja alikuwa anakuna nazi. Amekaa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma mbele, mikono yote miwili iko huru. Akaacha kukuna. Kisha akaniita, akasema niung'oe ule ulimi, mahali pake niweke visu viwili vinavyotazamana, kimoja kikae, kingine kivutwe kwa mguu. Akachukua jivu akachora chini. Nikamwuliza nazi itakunwa na nini. Akasema ulimwengu haujaishiwa mbuzi.

Visu tulivichonga kutoka springi ya lori bovu lililotupwa njia ya Nangurukuru. Kamba ilikuwa ya katani. Cha kwanza kilivunjavunja korosho. Cha pili kilinikata mimi. Cha tatu, mguu ulikanyaga, ganda likapasuka mshononi kama kunde, korosho ikatoka nzima na kidole hakikugusa mafuta. Akabangua ungo mzima bila kusema neno. Mkeo akinyamaza hivyo, ujue amefurahi.

Wanawake wakaja kutazama. Hakumtoza mtu. Alikuwa na sharti moja tu, nalo alilipata chuoni alikosomea Kurani: mwanafunzi humtaja mwalimu wake. Kila aliyechongewa kibano alitakiwa, akiulizwa, aseme amefundishwa na nani. Wengine walimcheka. Mtu mzima anataka kutajwa kwa ajili ya kigoda. Yeye akasema kitu kikienda bila jina la mwenyewe, huwa cha aliye na nguvu ya kukibeba. Mimi nilidhani ni maneno tu.

Operesheni ya vijiji ikaja, watu wa vitongojini wakahamishiwa hapa, kijiji kikajaa. Vibano vikafika saba. Ndipo, mwaka wa sabini na sita, wakaja wageni. Kiongozi wao ni Ndugu Valentini, fundi wa kampuni moja ya mashine. Jina la kampuni silitaji, wenyewe wanajijua. Alikuwa kijana mpole, akatuamkia shikamoo vizuri, akakipiga picha kibano, akapima kwa kamba yenye namba, akaandika. Halafu akauliza ni nani aliyekitunga.

Mama Yahya alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Wanaume walikuwa sita barazani. Nikasema, hapa hapa nyumbani. Ndugu Valentini akasema anataka jina. Nikamwambia aandike tu. Akaandika. Aliandika nini sikujua, wakati ule kwangu herufi zilikuwa kama nyayo za kuku.

Chai walikunywa. Mwenye sinia alirudi ndani hakutoka tena. Tulipobaki wawili aliniuliza swali moja: "Baba Yahya, jina langu lina kidonda?"

Nikamweleza habari ya heshima. Akasema heshima gani inayomficha mwenye nyumba ikamwonyesha mgeni njia ya stoo. Tukalala tumegeuziana migongo, na mimi nikijiona nimeonewa.

Baada ya miaka miwili mashine zikafika kwenye ghala la ushirika. Kumi na mbili, za chuma, rangi ya kijani, kila moja na kibati chenye namba na jina la kampuni. Tukaitwa wote. Tulipofunuliwa turubai, wanawake wakatazamana. Kilikuwa kibano. Visu viwili vinatazamana, kanyagio, kila kitu. Ila walikuwa wamekipandisha juu ya miguu mirefu, kimo cha meza, ukitaka kubangua ukalie kiti. Na kwa nyuma, juu kule, limetokeza bati pana.

Aliyezileta aliitwa Ndugu Mikaeli, mtu wa ofisini, viatu vimeng'aa hata vumbi la Mitole lilivionea haya. Akatusomea. Ubunifu huu umeandikishwa, ni mali ya kampuni. Kuanzia siku ile, kutengeneza au kutumia vifaa vya kuiga bila ruhusa ya kampuni ni kosa. Vya kienyeji vyote vikusanywe ghalani. Mwenyekiti wetu, Mzee Likwata, akatikisa kichwa kwa kukubali. Alikuwa anakubali kila kitu kilichopigwa muhuri.

Mpaka leo nikikumbuka kichwa kinaniuma. Mtu anakuja kwako, anakunywa chai yako, anapima kigoda cha mkeo, anaondoka. Anarudi kukwambia wewe ndiye umeiga.

Mama Yahya akainuka. Mtandio kaufunga vizuri. Akamwuliza Ndugu Mikaeli lile bati la nyuma kazi yake nini.

Mikaeli akatazama karatasi. Akasema ni la kuwekea korosho.

"Zitamwagika, mwanangu. Lina mteremko. Tazama tena."

Akatazama tena. Akasema basi ni la kuimarisha mashine.

"Ni la kukalia," akamwambia. "Hiki ni mbuzi ya nazi. Mmechora mpaka mahali pa makalio yangu, na hamkujua ni nini."

Wanawake waliangua kicheko hata Mzee Likwata akageuza uso. Kila mtu aliyekuwa pale aliona mwenye kitu ni nani. Mikaeli naye aliona, maana jasho lilimtoka. Lakini akasema yeye hakuja na macho, amekuja na karatasi. Mwalimu Veronika, aliyekuwa akitusomesha kisomo, akaombwa aisome kwa sauti. Ikasema kifaa kilionekana Mitole, nyumbani kwa Dadi, seremala, na mtungaji hakutajwa. Kampuni ikakitunga upya.

Mzee Likwata akanigeukia. "Fundi Dadi, wewe ndiye uliyezungumza na yule fundi. Mtungaji ni nani? Sema hapa, iandikwe."

Watu walikuwa pengine mia mbili. Wanaume wa vitongoji vyote, wengine siwajui. Nikasimama. Yeye akanitazama, na sijapata kutazamwa vile tena. Jina lilikuwa mdomoni, nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikasema, "Ni mama Yahya."

Mikaeli akauliza mama Yahya ndiyo nani, hapa pana kina mama Yahya wangapi. Mtu mmoja nyuma akasema wanne. Watu wakacheka. Nikakaa.

Akalisema mwenyewe. Akasema anaitwa Mwahija binti Fakihi, na akasema tena, polepole, kama anayemtajia karani. Karani hakuandika. Mikaeli alikuwa ameshafunga jalada lake, akasema mume wake ndiye shahidi na mume wake hakumtaja. Jioni vibano saba vikabebwa mpaka ghalani, na cha kwanza kilikuwa chetu.

Kurudi nyumbani alitembea mbele. Heri angenisema.

Kesho yake nikachukua gogo la mninga nikaanza kuchonga kingine. Hakuna aliyenituma. Nilipokimaliza nikamwambia tukiweke ndani, nyuma ya pipa la maji. Akakitoa akakiweka barazani, penye njia, akakaa akabangua. Mgambo walipita, wakaamkia, wakaendelea. Siku ya pili pia. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwinua mwanamke mzima juu ya kigoda chake.

Na zile za kijani? Ushirika haukuwa na viti kumi na viwili. Wakaleta viti vya shule. Watoto wakasoma wamekaa chini. Kisha chuma kinachorudisha kisu kikaanza kukatika, mashine moja baada ya nyingine. Wakaandika barua kuomba spea. Jibu likaja kwamba spea inatoka ng'ambo. Ng'ambo haikuleta kitu. Msimu ukaisha, korosho zikarudi kwenye jiwe na jivu, na vibano saba vimefungiwa ghalani vinaliwa na mchwa. Mimi sikusoma, lakini naijua mashine. Mashine ni kitu unachoweza kukitengeneza kikivunjika. Kisichotengenezeka na mwenye kukitumia ni mgeni aliyekuja na mzigo wake, ukimlisha atakaa, siku akiugua hujui umpe dawa gani.

Mwishowe akaja Abdurahmani, fundi wa ushirika. Alipita uani. Akasema anaona haya, lakini tisa zimekufa, na amesikia kibano cha hapa hakina chuma hicho kabisa. Anaomba aone kisu kinarudi vipi.

Nikamwambia aende kwa kampuni. Nilisema na mengine. Nilisema wachukue kibati chao wakibangulie. Miaka yote ile ya kunyamaza ilinitoka kwa mtu ambaye hakunikosea kitu.

Mama Yahya akaniambia ninyamaze, nimechelewa. Akainuka juu ya kibano, akamkalisha Abdurahmani mahali pake, akamwekea mguu kwenye kanyagio. Akamwonyesha kamba ya pili, iliyopita chini ya ubao na kufungwa kwenye ufito wa mti mbichi. Ufito ukipinda unataka kunyooka, unarudisha kisu. Ukikatika unakata mwingine porini. Akamfundisha mpaka akaweza, kama alivyowafundisha wale wanawake sita.

Nilimwuliza palepale, mbele ya mgeni, kwa nini anawapa tena. Akasema mikono inayoungua ghalani si mikono ya kampuni.

Abdurahmani akashukuru sana. Alipofika kwenye njia ya uani akasimama, akauliza: wakija wakubwa wakaona zinafanya kazi, wakamwuliza nani kamfundisha, ajibu nini. Nilikuwa nimeshika randa. Mama Yahya alinitazama mimi, ingawa alikuwa anamjibu yeye.

"Waambie umefundishwa na Mwahija binti Fakihi wa Likawage, mke wa seremala asiyejua kumtaja mkewe."