Mtaa Uliosubiri Milango

Nyumba yangu ina uwazi mbele, mpana kiasi kwamba mtu aliyebeba pembe ya ndovu begani angeingia bila kugeuka upande. Hapo ndipo mlango ulipaswa kukaa. Kwa sasa nimetundika mkeka, na upepo ukivuma mkeka unainuka, na anayepita ananiona nikila, nikisoma, nikijikuna. Watu wananiuliza kwa nini nisijaze udongo pembeni nikaacha nafasi ya kawaida. Nimelifikiria jambo hilo tangu mvua zilizopita. Nikijaza udongo, nitakuwa nimekubali kwamba mlango hauji. Nisipojaza, ninamdanganya nani? Basi huwa naishia kuukaza mkeka kwa kamba.

Habari hii ilianza mwaka niliohitimu chuo. Nilikuwa nimeimaliza Kurani mbele ya mwalimu wangu na watu wa msikiti, nikavishwa kanzu mpya, na majirani wakaanza kuniita mwalimu. Jina hilo lilinifurahisha kidogo, kisha likanitia hofu, maana mwalimu hutazamiwa kuwa na jibu. Baba yangu, mtu wa Mrima, kule pwani, aliyekuja huku na misafara, alikuwa amekwisha kufa. Nilikaa na mama yangu katika nyumba yake ukingoni mwa Lualaba. Yeye ni mtu wa mtoni, wa ukoo wa wavuvi, na nyumba ile ilijengwa kama wanavyojenga kwao: jiko mbele, likitazama maji. Aliweza kugeuza samaki juu ya moto huku akibishana na wanawake waliopita na mitumbwi, bila kuinuka kwenye kigoda chake. Wengine walifunga mitumbwi yao wakapanda, wakala sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwetu, wakasengenya mji mzima wakaondoka.

Ijumaa moja baada ya sala, bwana mkubwa wa mji alituita barazani kwake. Alishika fimbo akachora ardhini mstari mrefu kutoka kivukoni hadi juu ya mwinuko, mahali palipokuwa mashamba ya muhogo na nyasi ndefu. Huo, alisema, ndio mtaa mpya. Barabara yake itakuwa pana, misafara miwili ipishane bila kugusana. Upande huu msikiti wenye kuta za chokaa, upande ule soko lenye paa. Nyumba zitajengwa kwa safu, kila moja na baraza yake, na kila moja itapata mlango wa kuchongwa kama milango ya Kasongo. Milango alikuwa ameshaiagiza pwani. Mtu atakayeuona mji wetu wa Kindu baada ya hapo, alisema, hatauliza tena habari za mji wa Nyangwe.

Tulitoka pale tumelewa maneno yake. Haikupita muda watu wakaanza kuelekezana kwa barabara ambayo bado ilikuwa nyasi. Rafiki yangu mmoja aliniambia tukutane kwenye pembe ya soko. Nilipofika nilikuta mwanamke anapalilia muhogo wake, akaniuliza nimepotea. Nilimweleza kwamba amesimama sokoni. Alicheka akaendelea kulima.

Kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, nilipewa kiwanja katika safu ya mbele kabisa. Nguzo zilikatwa msituni na kuletwa na watu waliotekwa kutoka vijiji vya mbali, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka mtaa. Niliwaona wakizishusha mbele yangu. Nilisoma kitabu changu, au nilikishika tu; sikumbuki nilikuwa ukurasa gani.

Kulikuwa na sharti. Msimamizi wa viwanja, mtu mnene aliyevaa kilemba hata akienda kuoga mtoni, alitangaza kwamba kiwanja kisichofuka moshi kabla ya mvua kubwa kitapewa mtu mwingine. Bwana mkubwa hakutaka safu za miti mitupu. Alitaka nyumba zinazokaliwa. Nilikandika kuta kwa msaada wa rafiki zangu, tukaezeka majani, tukaacha uwazi mkubwa wa mlango kwa kipimo alichotoa msimamizi mwenyewe. Kisha nikaomba makaa kwa jirani nikawasha moto katikati ya sebule, nikakaa karibu yake nikikohoa.

Msimamizi alichungulia. “Mwalimu, huu ni moto wa kuotea mikono,” alisema. “Mimi nataka kuona chungu, na mwenye chungu.”

Hapo ndipo shida ilipokuwa: sikuwa na mke, na mwenye chungu niliyekuwa naye ni mama. Kwa watu wa upande wa mama yangu, mwanamke akihama na moto wake, nyumba anayoiacha imekwisha. Yeye mwenyewe huchukua makaa katika kigae, yanayobaki huyamwagia maji, hung'oa mafiga. Baada ya hapo hakuna anayewasha moto pale tena, si yeye wala ndugu yake, na nyumba huachwa ianguke yenyewe. Kwa hiyo sikuwa namwomba mama ahame kwa kujaribu. Nilikuwa namwomba aue nyumba yake ya mtoni kwa ajili ya mtaa ambao nusu yake ilikuwa bado kwenye fimbo ya bwana mkubwa.

Nilifikiri kwa namna ninayofikiri mimi, yaani kwa kuzunguka. Kule juu atakuwa na ua uliozungushiwa ukuta, kama mabibi wa pwani, mtu asimwone akipika. Hiyo ni heshima. Lakini naye hataona mtu. Kiwanja kikichukuliwa, nitabaki mwalimu asiye na nyumba, na nani atampa binti yake mwalimu wa namna hiyo? Lakini je, ni haki mama alipe kwa ajili ya mke ambaye sijamposa? Asubuhi niliamua tuhame, adhuhuri nikaamua tubaki. Nilianza kula kidogo. Nilimuuliza mwalimu wangu wa chuo, akanijibu niswali nimwombe Mungu aniongoze. Niliswali, kisha nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba huenda niliona jibu nikalipita bila kulitambua.

Mama aliniacha kwa muda. Siku moja aliniletea uji pale nilipokaa nikitazama mto, akasimama mbele yangu.

“Uko unapima nini, mutoto wangu? Kiwanja ama mimi?”

Nilimwambia habari za soko, msikiti, barabara. Nilizieleza vizuri sana, kwa kuwa nilikuwa nimezisema peke yangu mara nyingi.

“Hapa iko samaki, iko watu,” alisema. “Kule iko nini?”

“Soko litakuwepo, mama.”

“Litakuwepo. Mimi nauliza iko nini.”

Alichukua bakuli, akaona uji umebaki wote, akalitazama kwa muda. Alipoingia ndani nilidhani amekasirika. Alitoka na kigae chenye makaa yamefunikwa majivu. Alikiweka chini, akarudi jikoni, nikasikia maji yakimwagika kabla sijaelewa ninachokiona, na mvuke ukatoka chini ya paa. Aling'oa mafiga kwa mikono yake, moja moja, akayapanga kwenye kikapu.

“Umekonda kwa mawazo,” alisema. “Nimechoka kukusikia ukigeuka kitandani. Beba haya, twende.”

Nilibeba. Mawe yalikuwa bado na moto, na njia nzima nilikuwa nikihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule. Alipopita kivukoni wanawake wa mitumbwi walimwona na kigae, wakaacha kazi zao. Mmoja aliuliza kwa lugha yao jambo fulani, na mama akajibu neno fupi bila kusimama. Jioni hiyo msimamizi alikuja akaona chungu, akaona mwenye chungu, akasema sasa hii ni nyumba.

Basi tukaanza kusubiri milango. Safu nzima ilikuwa na uwazi uleule mkubwa, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja amening'iniza alichokuwa nacho: mkeka, kaniki kuukuu, ngozi ya mbuzi. Utani wa mtaa ukawa huo. Jirani yangu, mzee wa Kibombo mwenye mashamba ya mpunga, kila asubuhi aliniuliza kwa sauti ya kusikika kote, “Mwalimu, mlango wako umelala wapi leo?” Nami nilitakiwa kujibu, “Umelala Ujiji, una homa.” Akiulizwa yeye, wake ulikuwa Tabora ukitafuta mke. Tulicheka sana. Mama hakucheka. Alikuwa uani nyuma, ambako hakusikia vizuri.

Uani kulikuwa na kuta nne na anga. Mwanzoni wanawake wa mtoni walipanda mwinuko kumsalimu, lakini mwinuko ni mkali kwa mtu aliyebeba samaki, na mtumbwi hauachwi muda mrefu bila mwenyewe. Wakaja mara moja moja, kisha wakaacha. Aliuliza kama anaweza kuhamishia jiko mbele, kwenye baraza. Nilimwuliza msimamizi. Msimamizi alishangaa: moshi usoni mwa nyumba za bwana mkubwa, mbele ya wageni? Nilimrudishia mama jibu hilo kwa maneno laini kuliko yalivyosemwa. Alisema haidhuru. Nilijiuliza mara nyingi kama haidhuru yake ilikuwa haidhuru kweli, na sikumwuliza.

Msafara ulipofika kutoka Kasongo, watu wa mtaa walikimbilia kivukoni karibu wote. Mzigo ulivushwa tukiuhesabu kwa macho: baruti, shanga, vitambaa, waya. Mzee wa Kibombo alipita katikati ya wapagazi akigusagusa kila kilichokuwa kirefu. Hakukuwa na mlango. Kiongozi wa msafara hakuwa hata amesikia habari za milango. Kilichokuja pamoja na baruti ni habari kwamba pembe za ndovu sasa zinapatikana zaidi upande wa chini wa mto, na baada ya hapo bwana mkubwa hakukaa sana. Aliondoka na mitumbwi, watu wake, bunduki na msimamizi mwenye kilemba. Alituambia tuutunze mtaa, anarudi.

Barabara ilikuwa imefyekwa mpaka nyumba yangu na nyingine chache mbele. Nyasi zilianza kurudi kutoka upande wa juu. Waliokuwa na jamaa Kailo walikwenda Kailo. Mzee wa utani alirudi kwenye mpunga wake Kibombo, na asubuhi yake ya mwisho hakuniuliza chochote. Nguzo zilizosimikwa kwa ajili ya msikiti mpya zilichukuliwa usiku na mchana kuwa kuni, na hakuna aliyekamatwa kwa sababu hakukuwa na wa kukamata. Nami nilibaki. Nilikuwa na watoto wachache wa kufundisha, na nilijiambia kwamba bwana mkubwa akirudi atakuta angalau nyumba moja inafuka.

Mama ndiye aliyekuwa akiifukisha. Siku moja nilimkuta ameketi uani mbele ya chungu, amegeuza kigoda upande uliko mto, akitazama ukuta. Nilisema turudi chini. Paa la nyumba yake lilikuwa limeanza kulegea lakini lingetengenezeka.

“Ule moto nilizima kwa maji, mimi mwenyewe, watu wakiona,” alisema. “Nirudi niwaambie nilikuwa ninacheza?”

Aliita ndugu yake kutoka Lokandu aje amchukue. Mjomba alikuja na mtumbwi mpana, akaizunguka nyumba yangu akiitazama kwa adabu, akasema ina nafasi nzuri. Nilimwomba mama asubiri kidogo, mvua ipite, msafara mwingine ufike. Nilikuwa na sababu nyingi na niliziweka zote mbele yake.

“Ngojea wewe,” alisema. “Wewe njo mwenye kujua kungojea.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akichagua makaa ya kwenda nayo, na aliniangalia kama mtu anavyomwangalia ampendaye lakini amechoka naye. Kisha akamwagia maji jiko la pili maishani mwake.

Nimekwenda kumwona msimu huu. Nilishuka mto na watu wa chumvi waliokuwa wakielekea kwenye soko la Lokandu, na njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na maneno ya kumwomba arudi, na nikayaona mabaya. Nikapanga maneno ya kumwomba nikae naye, nikaanza kufikiria kiwanja, na watoto wangu wa chuo, na nini kitasemwa kuhusu mwalimu aliyekimbia. Tulipokaribia nilisikia kicheko chake kabla sijamwona. Alikuwa na jiko lake ukingoni, wanawake wamemzunguka, mmoja bado kasia mkononi.

Alifurahi sana. Alinipa maji ya kunawa, akanikalisha ndani, akaniletea chakula changu peke yangu kwenye sahani ya udongo, kama apewavyo mgeni, na kipande cha samaki kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Nje, yeye na mjomba na wanawake wale walikula katika chungu kimoja, wakinyang'anyana kichwa cha samaki. Nilikula polepole. Nilipotoka kurudisha sahani alinikaribisha nikae, akafuta kigoda kwa kanga yake kabla sijaketi.

“Utalala,” aliuliza, “ama wenye mutumbwi wanakungojea?”

Niliwaona watu wa chumvi kutoka pale nilipokaa. Walikuwa wamelala kivulini, chumvi yao bado haijauzwa hata nusu, na hawakuwa na haraka yoyote. Nilimwambia wananingojea.